Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Vikao vya kila mwezi vilifanyika na darasa la wanafunzi pale Kijitonyama liliendelea. Ripoti mnazo, sitazirudia.

Nije kwenye lililozua maneno: uamuzi wa Machi wa kuacha kufuata vipande vyote kimoja kimoja katika modeli yetu ya mgongano wa satelaiti Iridium 33 na Cosmos 2251, wa tarehe 10 Februari 2009, kilomita 790 hivi juu ya Dunia. Uamuzi huo niliusimamia mimi, na bado nausimamia.

Satelaiti hizo mbili zilikuwa na jumla ya kilo 1,460 hivi. Kwa kanuni ya mpasuko ya NASA, shirika la anga la Marekani, uzito huo hutoa vipande 1,200 vya sentimita 10 na zaidi. Ukishuka hadi sentimita 1 vinafika 62,000. Kompyuta tunayo moja, diski yake nimeitoa mimi, na umeme ukikatika usiku kazi inaanza upya. Kwa hiyo vikubwa tunaendelea kuvifuata kimoja kimoja, vidogo tunavihesabu kama wingu, kwa msongamano, yaani vingapi viko katika kila eneo la anga.

Mliosema majibu ya kwanza yalikuwa mabovu mlisema kweli, lakini ubovu haukuwa wa njia. Tulihamia kwenye msongamano siku ya pili, mapema mno. Kipande kilichosukumwa mbele kwa mita 50 kwa sekunde huchelewa dakika 2 kila mzunguko, kwa hiyo huachwa mzunguko mzima na visivyosukumwa baada ya siku tatu na nusu. Cha mita 10 huchukua siku 17 hivi. Kabla ya hapo vipande havijaenea kwenye mzingo wote, yaani pete haijafunga, na vipande vyote bado vinarudi kubanana pale pale vilipogongana. Ukisawazisha wingu wakati huo umefuta penye hatari kubwa kuliko pote.

Pete kutawanyika na kuwa mkanda unaoizingira Dunia ni hatua nyingine kabisa. Uvimbe wa Dunia kwenye ikweta huzungusha bapa la mzingo, yaani ule usawa ambao mzingo umelala: la Cosmos, lenye mwinamo wa nyuzi 74 kutoka ikweta, huzunguka nyuzi 1.8 kwa siku. La Iridium, nyuzi 86.4, ni nyuzi 0.4 tu. Mabapa ya vipande vya Iridium hutawanyika polepole zaidi, hivyo mawingu haya mawili hayawezi kupewa tarehe moja ya kuhama kutoka hesabu ya pete kwenda ya mkanda.

Haya yote yalifundishwa Mei. Kati ya wanachama 46 walikuja tisa, na waliolalamika zaidi hawakuwemo. Ada hawajalipa 19, sawa na shilingi 950,000, nayo ndiyo ingenunua betri ya akiba.

Mwakani, fedha zikiruhusu, tunatarajia kugusa wingu la vipande vya Fengyun-1C, satelaiti ya China iliyovunjwa kwa kombora mwaka 2007. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.