Ofisi ya malalamiko nayo ikalalamikiwe wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo moja ambalo naona linapitwa juu juu kila yanapozuka maongezi ya hizi ofisi huru za kupokea malalamiko, yaani ombudsmani, mtu wa kuchunguza malalamiko ya wananchi, na tume za namna hiyo. Kila mtu anasema ziwe huru, ziwe huru, sawa, hata mimi niko hapo hapo, ila ukiuliza huo uhuru unalindwa na kitu gani, na ofisi yenyewe ikiboronga nani wa kuiambia, unaona watu wanaanza kuangaliana.

Tuanze na hela maana ndiko mambo yanakoharibikia. Sheria inaweza kuandika kwamba ofisi hii haitaingiliwa na mtu yeyote, halafu bajeti yake inapita mezani kwa waziri yule yule ambaye wizara yake ndiyo inayoongoza kwa kulalamikiwa. Huyo hana haja ya kupiga simu kumwambia mtu aache uchunguzi, anapunguza tu fungu la usafiri na la kuajiri, wachunguzi wanabaki wa kuhesabu kwa vidole, mafaili yanarundikana, halafu mwisho wa mwaka ni yeye huyo huyo anasimama kusema mbona ofisi hii haina inachofanya. Kanuni za Venice, zile 25 za kulinda ofisi za ombudsmani zilizopitishwa mwaka 2019 na Tume ya Venice, chombo cha ushauri wa sheria cha Baraza la Ulaya, zimeliona hilo, zinataka ofisi iwe na pesa za kutosha na isitegemee huruma ya mtu, na zinaongeza kwamba wakaguzi wa hesabu wakija waangalie kama pesa zimetumika kihalali basi, wasianze kuuliza kwa nini mlichunguza hili mkaacha lile. Hicho kipengele cha ukaguzi mimi ndio nakipenda kuliko vyote, kwa sababu mtu akishindwa kuingia mlango wa mbele kawaida anakuja na kalamu ya mhasibu.

Upande wa kampuni binafsi, benki na bima na simu, ndio watu wanashtuka zaidi, wanasema hivi inawezekanaje msuluhishi alipwe na hao hao anaowasuluhisha na wateja wao, si ndio kesi ya ngedere kumpelekea nyani? Naelewa hofu hiyo ila tujiulize, asipolipa mwenye kampuni alipe nani, mteja ambaye tayari kaumia? Cha kuangalia ni pesa inalipwa kwa utaratibu gani. Uingereza wana huduma ya ombudsmani wa mambo ya fedha iliyotokana na sheria ya mwaka 2000, kampuni zinachangia tozo na juu yake zinalipa ada ya kesi baada ya idadi fulani ya kesi za bure, na ada hiyo kampuni inailipa ishinde ishindwe, mteja wa kawaida yeye analeta lalamiko lake bure. Kwa hiyo hakuna anayenunua ushindi. Pesa ingekuwa inatolewa kwa hiari, kila kampuni inachangia inapojisikia na inajitoa ikikasirishwa na uamuzi, hapo hamna uhuru wala nini.

Halafu kati ya mwenye pesa na mwamuzi lazima kuwe na bodi, na bodi nayo ijue mipaka yake. Kazi ya bodi ni kumwajiri mkuu wa ofisi, kupitisha mpango na bajeti, kuuliza kesi zinachukua muda gani na kwa nini, kuhakikisha kuna watu wa kutosha. Kesi ya mtu mmoja mmoja haiwahusu kabisa. Mjumbe wa bodi anayemkuta mchunguzi kwenye korido akamuuliza, hivi lile faili la kampuni fulani limefikia wapi, anaweza kuwa anauliza kwa nia njema tu na huku anacheka, lakini mchunguzi ameshasikia, na akirudi kwenye kiti chake ile barua aliyokuwa anaiandika kwa maneno makali ataisoma mara mbili. Ndio maana kunatakiwa daftari la maslahi, kila mjumbe aandike alishafanya kazi wapi, ana hisa wapi, mke au mume wake anafanya kazi wapi, na daftari hilo liwe wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Na walio wengi kwenye bodi wasiwe watu wa hiyo sekta, hili sidhani kama lina mjadala.

Muda wa kukaa madarakani nao una maneno. Mkuu wa ofisi anayesubiri kuongezewa mkataba na serikali anayoichunguza ni mtu wa kumwonea huruma, kila uamuzi mgumu anaupima na tarehe ya mkataba wake. Hizo hizo Kanuni za Venice zinapendekeza kipindi kimoja tu kisichopungua miaka saba, na kiwe kirefu kuliko cha hao waliomchagua, na kumtoa kusiwe kirahisi, sababu ziwe zimeorodheshwa kwenye sheria na kura za kumtoa zisiwe chache kuliko zile za kumweka.

Na ripoti inakwenda kwa nani? Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kuwa na chombo cha aina hii, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, jambo la kujivunia kabisa, ila matokeo ya uchunguzi yalikuwa yanapelekwa kwa Rais na yeye ndiye wa kuamua kinachofuata, mlalamikaji na wananchi wengine wanabaki kusubiri. Mwaka 2001 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Sweden waliomwanzisha ombudsmani kwenye katiba yao ya 1809 walimfanya mtu wa bunge, na mimi naona hapo walipatia, maana kwa bunge angalau ripoti ikitua mezani kuna zaidi ya jozi moja ya macho itakayoisoma.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike. Uhuru wote huo tunaoudai tukiupata halafu tusimwekee mkuu wa ofisi mwenyewe mtu wa kumuuliza, tutakuwa tumetengeneza bosi mwingine. Nimeshaona barua za majibu zinazotoka kwenye ofisi za namna hii, na wasomaji wako wengi watakuwa wameziona, mistari mitatu: lalamiko lako tumelipokea, tumewasiliana na taasisi husika nao wametueleza kwamba utaratibu ulifuatwa, kwa hiyo faili lako limefungwa, asante. Yaani mtu kaandika kurasa kadhaa, kaambatanisha risiti na nakala, kasubiri miezi, halafu anarudishiwa majibu ya yule yule aliyemlalamikia yakiwa yamegongwa muhuri mwingine. Hakuna sababu, hakuna ushahidi gani ulitazamwa, hakuna mahali pa kwenda kama hakuridhika. Ofisi hiyo inaweza kuwa huru kuliko zote duniani na bado haina maana kwa mtu huyo.

Dawa yake ipo wala haivunji uhuru wa mtu. Kwanza kila uamuzi uandikwe sababu, kwa lugha ambayo mlalamikaji anaielewa. Pili watenganishe mambo mawili, uamuzi wenyewe na jinsi mtu alivyohudumiwa. Uamuzi ukikosea kisheria kuna mahakama. Ila kama faili lilipotea, kama mtu alijibiwa kwa dharau, kama alikaa mwaka hajapigiwa simu, hilo linahitaji mtu mwingine nje ya mstari wa wale wachunguzi. Ile huduma ya Uingereza niliyoitaja ina mtathmini huru wa kazi hiyo, hagusi nani kashinda kesi, anaangalia umehudumiwaje, na anaweza kupendekeza uombwe radhi au ulipwe kwa usumbufu, na ripoti yake ya mwaka inachapishwa, na aibu za ofisi zikiwemo. Hiki ni kitu cha gharama ndogo sana, sijui kwa nini ofisi nyingi hazina.

Afrika Kusini wameonyesha kwamba pande zote mbili zinawezekana, ofisi kuwa na nguvu na mkuu wake kuwajibishwa. Mwaka 2014 Mlinzi wa Umma, ndiye ombudsmani wao, Thuli Madonsela, alitoa ripoti kuhusu nyumba ya Rais Zuma kule Nkandla akataka Rais arudishe sehemu ya pesa za umma zilizotumika pale kwa mambo yasiyohusu usalama, ikapuuzwa, mpaka Machi 2016 Mahakama ya Katiba ikasema hatua anazoagiza Mlinzi wa Umma zina nguvu na huwezi kuziacha tu, kama hukubaliani nazo nenda mahakamani zitenguliwe. Pesa zikarudishwa. Miaka michache baadaye aliyemfuatia kwenye kiti hicho hicho, Busisiwe Mkhwebane, akachunguzwa na bunge lenyewe, akaondolewa Septemba 2023 kwa kura zilizohitaji theluthi mbili. Watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa haki au siasa, mimi siingii humo, nachosema utaratibu ulikuwepo, ulikuwa mgumu, na ulifanyika hadharani.



Kwa hiyo Mhariri, waandishi wako wakienda tena kumhoji mkuu wa ofisi ya aina hii, idadi ya malalamiko waliyopokea wasiihangaikie sana maana hiyo wanaitoa wenyewe bila kuulizwa. Waulize mapendekezo mangapi yalikataliwa na taasisi gani, wataje kwa majina. Na waulize mara ya mwisho ofisi yenyewe kumwandikia mlalamikaji barua ya kuomba radhi ilikuwa lini, na kama wanaweza kuiona.

Msomaji wenu