Barua kwa Zuhura: kuhusu ule usiku wa Adlon

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama yako mzima, wadogo zako wazima, ila mvua za vuli zimechelewa na joto limetubana. Nilifika salama, na ule uvimbe wa miguu wa safari umekwisha. Nakuandikia barua badala ya ujumbe wa simu kwa kuwa niliyo nayo ni marefu, na ningependa uyaweke mahali utakapoweza kuyasoma tena.

Kwanza nakushukuru. Najua posho ya mwanagenzi wa hoteli ilivyo, na najua ulijinyima mengi ili baba yako alale Hotel Adlon huko Berlin, mbele ya Lango la Brandenburg, mahali walipolala wafalme na marais. Asubuhi yake, wakati wa kifungua kinywa, uliniuliza mara mbili kama kuna kitu hakikunipendeza, maana nilikuwa kimya. Nilifurahi mno, mwanangu. Nilikuwa nawatazama wenzetu.

Mtu aliyebeba treya maisha yake yote hawezi kukaa hotelini kama wageni wengine. Macho yanamwenda kwenye mikono ya watu. Nilimtazama yule kijana aliyekuwa akihudumia meza ya dirishani, jinsi alivyosimama na birika la kahawa nyuma kidogo ya yule bibi mzee, akangoja amalize kuzungumza na mumewe, ndipo akasogea. Hakumkatiza, hakumpita. Kule chumbani niligeuza shuka nikakagua pembe zilivyokunjwa chini ya godoro, nikashika foronya, nikapitisha kidole juu ya fremu ya mlango mahali ambapo mtu mvivu hafiki. Pasafi. Na tuliporudi usiku kutoka kutembea, nilikuta mtu ameshaingia, amefunga mapazia, amefunua kitanda upande mmoja, ameweka ndara juu ya kitambaa cheupe, akaondoka bila kuacha dalili nyingine. Kazi yetu ikifanywa vizuri haionekani. Ndiyo maana watu huidharau, kwa sababu wao huiona siku imeharibika tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Tulipokuwa kwenye treni uliniambia kwamba wenzako uliomaliza nao sekondari wanaamini unasomea biashara huko Berlin, nawe umewaacha waamini hivyo, kwa sababu unaona aibu kusema unatandika vitanda na kuhudumia meza. Sikukujibu pale pale. Nilitaka kwanza nikueleze habari za ile nyumba uliyonilaza na ule mtaa ulio ubavuni mwake, maana nilivisoma kabla ya kuja na nikavisoma tena niliporudi.

Lorenz Adlon, aliyeijenga, alianza maisha kama fundi seremala wa samani huko Mainz. Baadaye akaingia kwenye biashara ya migahawa na mvinyo, akapanda hadi akapata kibali cha Kaiser Wilhelm II mwenyewe, mfalme wa Ujerumani, kubomoa jumba la fahari la zamani lililokuwa pale na kujenga hoteli yake. Ilifunguliwa mwaka 1907 ikiwa na umeme na maji ya moto na baridi vyumbani. Inasimuliwa kwamba hata Kaiser alipoondoka madarakani mwaka 1918, mzee huyo hakutaka kuamini. Njia ya katikati ya Lango la Brandenburg ilikuwa imetengwa kwa ajili ya Kaiser na watu wake, kwa hiyo yeye akivuka pale hakuangalia magari. Mwaka 1921 gari lilimgonga karibu na lango hilo, akafa.

Hoteli ikabaki kwa mwanawe, ikapita vita vyote viwili, mabomu yakaangusha mji mzima kuizunguka nayo bado imesimama. Ikaja kuungua mwanzoni mwa Mei 1945, mapigano ya Berlin yakiwa ndiyo kwanza yamekwisha. Kilichosalia ni ubawa wa nyuma. Mji ulipogawanywa Mashariki na Magharibi, ubawa huo ukawa upande wa Mashariki, kando kabisa ya Ukuta wa Berlin. Uliendelea kama hoteli kwa miaka kadhaa, kisha, na hili lilinigusa, ukageuzwa bweni la wanagenzi! Vijana wa umri wako waliokuwa wakijifunza kazi ndio watu wa mwisho kulala katika Adlon ya kale, kabla haijabomolewa mwaka 1984. Hii tuliyolala sisi imejengwa upya na kufunguliwa Agosti 1997. Tembo wa ile chemchemi ya ukumbini, uliyenipigisha picha karibu nao, ni kumbukumbu ya nyumba ya zamani.

Lakini mimi nilivutwa zaidi na ule mtaa wa ubavuni, Wilhelmstraße. Unakumbuka nilikuomba tutembee kuelekea kusini, nawe ukasema huko hakuna maduka. Katika mtaa ule, nyumba namba 77, ndipo ilipokuwa ofisi ya Bismarck, Chansela wa Ujerumani. Humo ndimo walimokaa wajumbe wa mataifa ya Ulaya, Marekani na Uturuki tangu Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wakiandikiana masharti ya kuigawana Afrika. Hakuna Mwafrika aliyekuwa mezani. Kesho yake, tarehe 27, Kaiser wa wakati huo akampa Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, hati ya ulinzi juu ya nchi alizodai kuzipata kwa mikataba huku kwetu, Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Miaka si mingi baadaye Dar es Salaam ikawa mji wao mkuu, wakajenga na hoteli yao wakaiita Kaiserhof. Ni pale penye New Africa, unapapita ukitoka Posta.

Na sanamu ya Askari iliyo karibu na hapo, umeipita mara nyingi ukiwa na sare za shule. Waingereza waliiweka mwaka 1927 kwa ajili ya askari waliopigana upande wao. Waliopigana upande wa Wajerumani hawakuwekewa kitu pale, na wengine hata mshahara hawakumaliziwa.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa mji huu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, mwenye asili ya Sudani, na vita vilipoanza mwaka 1914 mtoto naye akaingizwa jeshini. Hesabu mwenyewe umri wake. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, deni la mshahara wake na la baba yake likabaki. Akafanya kazi mbalimbali, akawa weita katika meli za Kijerumani, na mwaka 1929 akashuka akaenda Berlin kudai. Alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje, nayo ilikuwa Wilhelmstraße, mtaa ule ule, jirani na nyumba walimokaa wale wagawanyaji. Wakamwambia amechelewa.

Akabaki Berlin. Kule walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu akiwa msaidizi wa maprofesa, akaigiza katika filamu, akaoa, na riziki yake nyingine ilitoka katika kuhudumia meza. Alikuwa weita katika Haus Vaterland, pale Potsdamer Platz, jumba kubwa la burudani lenye migahawa ya mitindo ya nchi mbalimbali, ambamo katika ukumbi mmoja walikuwa wakiwatengenezea wageni dhoruba ya radi na mvua wakiwa wanakula. Na waliokuwa wakiliendesha jumba hilo walikuwa familia ya Kempinski. Ndilo jina ulilolisoma mlangoni tulipoingia, maana leo hoteli yetu inaitwa Hotel Adlon Kempinski. Familia hiyo nayo ilikuwa ya Kiyahudi, na Wanazi, watu wa Hitler, waliipokonya biashara yake.

Nilipokuwa nikimtazama yule kijana wa kahawa, mwanangu, nilikuwa nikimfikiria Mahjub. Nilijiuliza alibebaje treya yake, alisimama upande gani wa mgeni, kama kuna aliyemwita kwa jina lake. Mwaka 1935 wenzake kazini walimchongea kwa chuki ya rangi, akapoteza kazi ile. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo Wanazi walilifanya hatia. Hakusomewa kesi mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Na askari wazee waliobaki huku, Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa mwaka 1964. Malipo yalifanyika Mwanza, na wengi wakafika bila karatasi yoyote. Inasimuliwa kwamba waliambiwa washike mti wa ufagio waonyeshe kwata la bunduki kwa amri za Kijerumani, ndipo waaminiwe. Wazee wa watu, waliosahau hata siku walizozaliwa, kwata hawakuisahau.

Nakuambia haya kwa sababu unaona aibu mahali pasipo na aibu. Kumwekea mtu sahani mbele yake kwa adabu hakumshushi anayeiweka. Nilifanya kazi hiyo ufukweni Kunduchi ujana wangu wote, ndiyo iliyokulisha wewe na ndugu zako, na sijapata kuinamisha kichwa nikiulizwa nafanya nini. Kinachomshusha mtu ni kufanyishwa kazi bila kulipwa halafu akanyamaza. Mahjub hakunyamaza. Alivuka bahari mbili kwenda kugonga mlango wa waliomdhulumu.

Basi zile saa za ziada ulizonitajia, za mwezi wa harusi nyingi, ambazo msimamizi wako alisema mtazungumza baadaye: baadaye hiyo isipite mwisho wa mwezi huu. Una lile daftari la mafunzo mnaloandika kila wiki na kusainiwa. Andika humo saa uliyoingia na saa uliyotoka, piga picha kila ukurasa, unitumie na mimi nakala. Kama hapo kazini pana baraza la wafanyakazi, nenda ukajitambulishe sasa, kabla ya shida. Ongea kwa upole, kwa Kijerumani chako hicho hicho, usilie wala usipandishe sauti, ila usitoke na jibu la mdomo. Omba jibu la maandishi.

Na kuna ninaloliomba mimi. Nyumba aliyokuwa akiishi Mahjub ni Brunnenstraße namba 193, hapo Berlin Mitte, na tangu mwaka 2007 kuna kijiwe cha kumbukumbu njiani mbele ya mlango, chenye bamba la shaba njano na jina lake. Muda ulitubana nisifike. Nenda siku yako ya mapumziko, uchukue kitambaa na limau, ukisugue mpaka kiwake. Vijiwe hivyo hufifia visiposuguliwa. Mwombee, umsomee Fatiha, kisha uniambie kama bado kinasomeka vizuri au kimechakaa.

Wale wenzako wa sekondari waambie ukipenda, usipopenda basi. Hilo ni lako. Ila mtu akikuuliza mbele yangu nitamwambia mimi, na nitaeleza kwa urefu, pembe za shuka na zote.

Mama yako anauliza kama lile koti la sufu ulilonipa nimletee linafuliwa kwa maji au linapelekwa kwa dobi. Mjibu upesi, maana ameshalitoa kwenye mfuko na Shangazi yako Mwanaidi anamhimiza aliloweke. Unga wa muhogo na pilipili manga ulivyoagiza vitakuja na mtoto wa jirani anayesafiri mwezi ujao.

Wasalaam,
Baba yako