Kwa walimu wa Hanang, mvua zikirudi

Wanangu walimu,

Nawasalimu. Chaki nimeiacha miaka mingi, lakini nikipita karibu na shule miguu bado hupunguza mwendo yenyewe. Juzi nilikuwa nje ya dirisha la darasa la nne mvua ilipoanza. Matone ya kwanza yalipogonga bati, mtoto mmoja wa dawati la nyuma alikusanya madaftari, akavaa begi mgongoni, akakaa kimya. Mwalimu akamuuliza, "Wewe, nani kakuruhusu kwenda nyumbani?" Darasa zima likacheka.

Simlaumu mwalimu yule. Wengi mmepangiwa huku baadaye. Hamkuwepo alfajiri ya Jumapili ile, Desemba 3, 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang pamoja na mawe na magogo, likapita mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi na kuua watu zaidi ya 80. Lakini mtoto alikuwepo. Ile kelele ya bati inayowaudhi ninyi kwa sababu hamsikiki, yeye inamwambia akimbie.

Wengine hawavai begi. Huyu analala kipindi cha kwanza kwa kuwa usiku mvua ilinyesha naye alikesha akisikiliza. Yule anapigana akiguswa bega. Mwingine alikuwa mkali wa Hisabati, sasa anatazama ubao kama ukuta. Ninyi mnaandika mzembe, mkorofi, mtoro, kisha mnatafuta fimbo.

Nami nilichapa, tena sana. Kuna mvulana nilimchapa paredini kwa kuchelewa, wiki nzima. Mwezi ulipita ndipo nikasikia kwamba mama yake alifariki na yeye ndiye aliyekuwa akiwakorogea wadogo zake uji kabla ya kuja shule. Hakunieleza. Angenieleza saa ngapi, nami nimeshika fimbo? Kanuni inasema achape mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Niliijua kanuni hiyo kama mnavyoijua ninyi.

Mawingu yakitanda juu ya mlima, semeni mapema: "Mvua inakuja, bati litapiga kelele, tutaimba jedwali la saba mpaka itulie." Mtoto akijua kitakachofuata, moyo hupungua kasi. Anayetaka kukaa karibu na mlango mpeni nafasi hiyo. Akishindwa kabisa, atoke barazani na rafiki yake, arudi akiwa tayari, bila kuulizwa mbele ya wenzake. Ratiba isibadilikebadilike, kwa mtoto ambaye dunia yake ilihama usiku mmoja, kengele inayolia saa ileile kila siku si jambo dogo.

Na ile insha yetu ya miaka yote, "Siku ambayo sitaisahau", iwekeni kando. Akitaka kusimulia atakuja mwenyewe, pengine mkiwa mnafagia, pengine asije kamwe. Wakija wageni na kamera zao, msiwapange mbele watoto waliofiwa. Wana majina.

Hamtaweza kila kitu, na hamkuajiriwa kuwa waganga. Asiyekula, anayejikojolea ukubwani, anayesema heri angekufa, huyo asisubiri mwisho wa muhula. Kaeni na mlezi wake faraghani, mwoneni afisa ustawi wa jamii, mpelekeni hospitali. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Ibandikeni ukutani mahali wanapoweza kuisoma wenyewe.

Kuna na walimu waliofiwa siku ile, ambao husimama mbele ya darasa chini ya bati hilohilo. Mwalimu mkuu, mawingu yakiwa mazito, usimwache mwalimu wa namna hiyo peke yake na watoto hamsini. Mpe mwenzake, hata wa kukaa tu nyuma ya darasa akisahihisha madaftari.

Mwalimu yule wa juzi nilimngoja getini. Hakukasirika. Aliniuliza mtoto yule anaishi na nani, nikamwonyesha nyumba ya bibi yake.

Ni mimi babu yenu,
mwalimu mstaafu