Miaka sita nimevaa shati lao, leo mimi si mfanyakazi wao

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na nachapa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa plasta. Nivumilie kwa makosa. Nilianguka kwenye ngazi nikifunga kiyoyozi kwa mteja wa kampuni ninayoifanyia kazi. Nilipopeleka bili ya hospitali ofisini, msimamizi wangu alinijibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni mkandarasi huru. Hiyo bili ni yako."

Si mfanyakazi wao! Miaka sita, Shangazi. Kila siku saa moja na nusu asubuhi naweka kidole kwenye mashine yao getini, na nikichelewa nakatwa. Shati lina nembo yao, gari ni lao, drili ni yao, bei wanapatana wao na mteja. Mwaka juzi mtoto aliugua, nikamtuma mdogo wangu, naye ni fundi, anishikie siku moja tu. Walimrudisha getini. Mkandarasi gani huyo asiyeruhusiwa kutuma mtu wake?

Najua utaniuliza, kwani hukusaini? Nilisaini. Tena nilisoma, sikudanganywa. Uliandikwa "mkataba wa huduma", na wakati ule nilifurahi kwa sababu sikukatwa kodi wala pensheni, hela naipokea nzima. Lakini mtu anayetafuta kazi mwaka mzima asisaini afanye nini?

Jirani yangu anayefuatilia mambo haya anasema jina la mkataba halimalizi kesi. Anasema Pendekezo namba 198 la ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataka kwanza itazamwe hali halisi ya kazi na malipo, hata kama mkataba umepewa jina jingine. Nani anatoa amri, nani anapanga saa, vifaa vya nani. Akanikumbusha madereva wa Uber kule Uingereza, ambao karatasi zao zilisema wamejiajiri, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikasema wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Nikafarijika kidogo. Kisha nikajiambia, hiyo ni Uingereza, kila nchi ina sheria yake.

Mimi sitaki hela zao. Nataka yule mtu anitazame usoni aseme nilikuwa mfanyakazi wao. Bili walipe, hilo ni lazima. Na likizo za miaka sita nazo, kwa kweli, ni haki yangu.

Sasa wamenipa mkataba mpya, wanautaka Ijumaa. Ukurasa wa pili una mstari kwamba nakiri sikuwahi kuwa mwajiriwa wao na sina dai lolote. Nikisaini, mkono ukipona narudi kazini. Mke wangu anasema saini, watoto wale. Na kazi yenyewe naipenda, Shangazi, hilo ndilo linaloniuma. Je, nikisaini nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe? Au niende ofisi ya kazi kwanza? Jumbe za msimamizi za kunipangia zamu ninazo zote kwenye simu, tangu mwaka wa kwanza. Sijafuta hata moja.

Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa.

Fundi