Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za umoja wetu wa maofisa wa TEHAMA na mazingira katika serikali za mitaa mnazijua, hivyo sitawachosha: vikao 4 vya kamati tendaji, mafunzo 2 ya kupanga njia za magari ya taka kwa ramani za kidijitali, ziara 1 ya kuangalia taa za barabarani za LED zinazojipunguza mwanga usiku wa manane, na miongozo 3 ambayo, nina hakika, wengi wenu hamjaifungua.

Nitakaa zaidi kwenye jambo lililozua maneno. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10, mfumo wa Microsoft unaoendesha kompyuta, ilifikia ukomo wa masasisho ya bure ya kawaida, na kompyuta nyingi za ofisi zetu, ingawa ni nzima, hazikidhi masharti ya Windows 11, ama kwa umri wa prosesa ama kwa kukosa TPM 2.0, yaani kipengele cha usalama kinachotunza funguo za siri ndani ya kompyuta. Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua kwamba mfuko wa pamoja usinunue mashine mpya, bali uongeze kumbukumbu (RAM) katika zilizopo, ubadilishe diski za zamani na kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Kwa uamuzi huo nimeitwa bahili, na nimeambiwa kwamba naturudisha nyuma.

Naeleza tena, ingawa maelezo yamo katika kumbukumbu za kikao. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayohusishwa na kompyuta mpakato hutoka kiwandani, kabla mtumiaji hajaiwasha, kwa hiyo kuitumia miaka michache zaidi huokoa zaidi kuliko kukimbilia mpya inayotumia umeme kidogo. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa rasmi. Sioni tutakavyomhimiza mwananchi atenganishe taka zake ilhali stoo zetu zimejaa kompyuta tulizozitupa zikiwa bado zinafanya kazi.

Waliopinga walinikumbusha Munich, Ujerumani, ambako baraza la jiji lilichagua Linux mwaka 2003 na mwaka 2017 likaamua kurejea Windows. Mfano huo naujua. Mimi ndiye niliyeuleta mezani kwanza. Mji ule ulihamisha kompyuta zaidi ya 14,000, sisi tumegusa 212. Nakiri kwamba printa kadhaa na mfumo mmoja wa leseni vilitusumbua, ndiyo maana mashine 19 tumeziacha kwenye Windows 10 kwa masasisho ya usalama ya kulipia. Huo haukuwa uzembe, kama ilivyodaiwa.

Ajabu ni kwamba waliolalamika kwa sauti kubwa hawakuwapo siku ya kupiga kura. Kati ya wanachama 86 walihudhuria 31, na akidi ilitimia baada ya kusubiri kwa saa nzima. Waliolipa ada ni 40. Mweka hazina amewakumbusha wengine mara 5, nami binafsi nimewapigia simu baadhi yao jioni, nje ya saa za kazi.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kujaribu vihisi vya kupima matumizi ya umeme na maji katika majengo ya halmashauri, na pengine kuwawekea wananchi takwimu hizo wazi. Ratiba itapangwa ada zikishaingia.

Mwenyekiti