Barua kwa mwanangu anayeshuka vyumba vya chini

Mwanangu,

Popo wamerudi mapema, wote wamelowa. Juu kunanyesha, na wewe keshokutwa unashuka pangoni kuchimba fedha. Najua utasema mama ameanza tena. Soma tu.

Mvua ya huko juu hutaisikia. Mashimo ya msituni huyameza maji, yakashuka polepole kwenye nyufa, na yanaweza kukufikia baada ya saa nyingi, wakati huko juu jua limeshawaka. Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni akikwambia mvua imekatika, usitulie.

Kabla hujatua mzigo popote, tazama dari. Ukiona majani, vijiti au povu kavu vimenasa darini, chumba hicho hujaa hadi juu. Toka. Ukutani tafuta tope: pale linapokomea ndipo maji yalipofika mara ya mwisho, na yanaweza kupita hapo. Lala pima mbili juu yake. Pazuri ni penye vumbi kavu na kinyesi cha popo cha siku nyingi ambacho hakijasombwa. Kunanuka, lakini ulale hapo hapo.

Tena sisi vibwengo ni wafupi. Maji ya magotini kwa binadamu kwako ni ya kifuani, na yakiwa na kasi hata ya magotini kwako yatakuangusha.

Dalili ni hizi. Maji maangavu yanaanza kuwa na udongo. Vijiti vinaelea. Mto unabadili sauti, unakuwa mzito. Upepo unavuma ghafla kutoka chini, kwa kuwa maji yanaisukuma hewa mbele yake. Au unakatika kabisa, na hapo ujue njia ya mbele imeshazibwa. Huo upepo kukatika ndio unaoninyima usingizi. Masikio yako ni makali kuliko ya yeyote katika ukoo wetu, babu yako mwenyewe alikiri, ila hukai kimya ukasikiliza. Kila mkipumzika, waambie wenzako waache nyundo na wanyamaze kidogo.

Ukiona dalili moja tu, panda. Usirudi kuchukua sururu wala tindo, na usikimbilie nyumbani. Njia ya kutambaa ndiyo inayojaa kwanza, nayo ndiyo njia ya kuja kwetu. Wanaokaa juu hurudi na njaa. Wanaokimbilia mlangoni hukutwa humo. Mwanangu, usije nyumbani. Panda.

Mkishafika juu, vueni nguo, mzikamue sana, mzivae tena. Kalieni kamba, msikalie jiwe tupu, na mbanane. Washeni koroboi moja kwa kundi zima, na utambi uwe mfupi. Macho yetu yanaridhika na mwanga kidogo, lakini katika giza tupu nasi hatuoni. Panga vijiwe kwenye ukingo wa maji ujue yanapanda au yanashuka. Hupanda kwa saa chache, hushuka kwa siku. Msivuke mpaka yawe maangavu tena. Na mashimo ya chini yasiyo na upepo msiyaingie: hewa nzito hutuama humo, na mwali ukinywea, geuzeni papo hapo.

Nimekufungia kibaba cha mafuta, tambi sita, na uyoga mkavu wa siku tatu zaidi ya zamu yako. Huo wa ziada uweke juu siku ya kwanza, usiubebe kazini. Kamba ni ile ile. Najua uliomba mpya, na ilistahili uipate. Ipitishe mkononi pima kwa pima. Panapolegea au palipokonda, ikate hapo, utumie vipande.

Kupewa zamu ya fedha kwa umri wako si jambo dogo. Bibi yako amelitangaza mpaka kwa wauza chumvi.

Shangazi yako ameanza kitalu kipya cha uyoga, kaweka kinyesi kibichi cha popo bila kukichanganya na mti uliooza, na mbegu zote zimeungua. Atataka uyoga wetu. Mdogo wako ameshahamia kitandani kwako. Kisima cha ndani kimeanza kuwa na udongo tangu asubuhi, tunachuja kwa kitambaa.

Mbeba chumvi atapita huko mwezi ukiandama. Mpe jibu, hata mstari mmoja: unalala chumba gani, na tope limekomea wapi ukutani.

Mama yako