Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na wanachuo wenzetu,

Kwa heshima na furaha kubwa tunakukaribisha chuoni kwetu. Umeacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza. Asante sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu husaidia kuangalia seva za chuo, yaani kompyuta kuu zinazotoa huduma kwa kompyuta nyingine: ya usajili, ya maktaba na ya matokeo. Zamani seva ikizima, wa kwanza kujua alikuwa mwanafunzi aliyekwama. Kuna mwaka seva ya usajili ilizima Ijumaa jioni kwa sababu diski ilijaa, ikagundulika Jumatatu, siku ya mwisho ya kujisajili imeshapita. Wenzetu walilia mlangoni pa ofisi. Hatujaisahau siku ile.

Ndipo tukafunga Nagios, programu huria ambayo tumeipanga ipige hodi kwenye kila seva kila baada ya dakika 5. Isipojibiwa haipigi kelele hapo hapo. Inarudia, na ikikosa jibu mara 3 ndipo inatoa taarifa. Mwanzoni taarifa zilikuja kwa barua pepe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania nzima, nasi tukaliona kosa letu: tulikuwa tunaitegemea intaneti ituletee habari kwamba intaneti haipo!

Sasa tumechomeka modemu yenye laini ya simu kwenye kompyuta inayolinda. Ujumbe mfupi hupita kwenye mitambo ya simu, wala hauhitaji intaneti au simu janja. Herufi zake ni 160 tu, nazo zinatosha: seva gani, ina nini, tangu saa ngapi. Na kwa kuwa mlinzi huyo, yaani kompyuta yenye Nagios, naye huzimika, kila siku saa 1 asubuhi hututumia neno moja, "nipo". Lisipofika, tunakwenda kumwangalia yeye.

Ndugu Mgeni Rasmi, liko jambo linalotuuma. Usiku mmoja wa majira ya mitihani, saa 8 na dakika 14, ujumbe ulimfikia mwenzetu wa zamu: seva ya matokeo haijibu. Aliamka, akavaa, akakuta geti la hosteli limefungwa, na askari hakuwa na ruhusa ya kumfungulia. Ujumbe ulifika, yeye hakufika. Seva ikakaa chini hadi kulipokucha.

Kwa hiyo tunaomba utusemee kwa uongozi, wanazamu wapewe barua ya ruhusa, wasichana kwa wavulana, na askari wa kuwasindikiza. Tunaomba pia betri ya akiba, maana umeme ukikatika modemu huzima pamoja na seva inazozilinda. Ikipatikana na laini ya pili, ya kampuni nyingine ya simu, tutashukuru mno.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya TEHAMA.